Uzi kwa Mkono wa Kushoto

Daktari akikuambia kwamba kiwiko chako kitafungwa kwenye plasta mpaka msimu ubadilike, usimuulize ni msimu upi. Mimi niliuliza. Alitazama dirishani, mvua ilikuwa inapiga juu ya ziwa, akasema, "Tutaona." Baadaye nilielewa kwamba neno hilo ndilo dawa ya kwanza anayomezeshwa mgonjwa wa mifupa, na hakuna iliyo chungu kuliko hiyo.

Juzi nilirudi hospitalini kuonyesha mkono. Kwenye benchi alikaa mtu ambaye plasta yake ilikuwa bado mbichi, inatoa unyevu. Aliniuliza kama maumivu huisha. Niliitwa ndani kabla sijamjibu, na nilipotoka hakuwapo. Haya ninayoandika ni ya kwake, na ya kila aliyekaa penye lile benchi.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa njia. Mapadri walinisomesha miaka kadhaa ya sekondari wakitumaini nitakuwa mmoja wao, lakini kila nilipoona vilima vya Masisi kupitia dirisha la darasa miguu iliniwasha. Niliondoka. Wakati wa vita vya Wazungu nilikuwa Walikale, karani wa kupima utomvu wa mpira ambao watu walilazimishwa kwenda kuutafuta msituni. Vita vilipokwisha nilibeba mnyororo wa kupimia barabara, kisha nikauza chumvi na vitambaa kutoka Sake hadi Ntoto, kisha nikapanda tena vilimani kuwaonyesha wakulima jinsi ya kupanda kahawa kwa mistari. Sikudumu popote. Nikiwa msituni niliililia baridi ya Masisi, na ng'ombe wanaotokea ndani ya ukungu kama mawe yanayotembea. Nikiwa Masisi nilikosa usingizi kwa kutamani kelele za msitu.

Mke wangu, Feza, nilimwoa Ntoto. Baba yake, Mzee Bulambo, alikuwa mwindaji, mtu wa maneno makali. Jumapili alikwenda misani, na siku nyingine alifuata desturi za wazee wake bila kumficha padri wala mtu yeyote. Feza alinifuata kila nilikokwenda. Tulizika watoto wawili, mmoja upande wa msitu na mmoja upande wa vilima, na kila mara tuliondoka kabla majani hayajaota juu ya kaburi. Wakati ule sikuliona hilo kuwa jambo. Njia ilikuwa inaita.

Kiwiko cha kulia kilianza kama jino bovu. Kilikuwa kinauma wakati wa kupanda maharagwe, kikatulia, kikarudi. Kilivimba, ngozi ikang'aa, lakini hakikuwa na joto. Tulipopita Ntoto, mjomba wa Feza aliniumika kwa pembe, damu nyeusi ikatoka, nikapata nafuu ya siku chache. Kisha vidole vikaanza kukosa nguvu. Nilikuwa nanyanyua kikombe na chai inanimwagikia mapajani. Nilipofika hospitali ya kando ya ziwa, nilikuwa nimebeba mkono wangu wa kulia ndani ya mkono wa kushoto, kama mtu anayebeba kuku mgonjwa.

Kuhusu lile benchi nitasema kidogo tu. Mbao zake zimelainishwa na watu. Unakaa mwisho, wa mbele akiingia mnasogea wote, na kila unaposogea unaona aibu kufurahi, kwa sababu aliyeingia mbele hajatoka na uso mzuri. Nilipigwa picha ya mfupa kwa mashine. Daktari, Mzungu mrefu asiyependa maneno, alinionyesha ile picha mbele ya mwanga. Penye kiwiko palikuwa na kitu kama ndizi iliyoliwa na ndege. Akasema ni ugonjwa uleule wa kifua kikuu, ila kwangu umekwenda kukaa kwenye mfupa. Nikafungwa plasta kutoka begani hadi kifundo cha mkono, kiwiko kimekunjwa. Vidole peke yake ndivyo vilivyobaki nje.

Kila siku nilichomwa sindano kwenye makalio, kushoto leo, kulia kesho, mpaka nikawa nalala kwa tumbo. Masikio yalianza kulia kama wadudu wa msituni jioni, jambo ambalo mwanzoni lilinifariji, kisha likanichosha. Ndani ya plasta ngozi ilikuwa inawasha hata nikatamani kulia. Feza alinichongea kijiti chembamba cha kujikunia. Harufu iliyotoka mle ndani, ya jasho la kale na maziwa yaliyochacha, ilikuwa yangu, nami sikuweza kuikimbia. Mkono ulipoanza kukonda, plasta ikalegea, na nikawa nasikia mfupa ukicheza ndani kama mbegu ndani ya kibuyu.

Lakini jambo lililoniumiza kuliko sindano lilikuwa chakula. Wodini kwetu wanaume walikula watatu au wanne kwenye sahani moja, bukari, yaani ugali, katikati na sombe ya majani ya muhogo pembeni. Siku ya kwanza nilipopeleka mkono wa kushoto kwenye bukari, mzee mmoja aliyevunjika mguu aliuzuia kwa kijiko chake.

"Papa, ile mukono tunajipangusa nayo kule nyuma, njo unatia mu sahani yetu?"

"Ule mwingine umefungwa, Papa. Unaona mwenyewe."

"Ninaona. Na mie niko na njaa, lakini macho yangu iko mazima."

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, kwa sababu ningefanya nini? Toka siku hiyo Feza alikuwa ananipakulia kisahani cha peke yangu. Nilikula nimegeukia ukuta. Waliniita Papa Kushoto, na jina lile lilifika hadi kwenye vibanda vya nyuma, ambako wake na mama za wagonjwa walikuwa wanapika na kulala. Feza alilala huko, kwenye mkeka, moshi ukimwingia machoni. Nilimkuta wakati mmoja akipika huku wenzake wamempa mgongo. Kwao mume wa kushoto ni mkosi unaoweza kuambukiza chungu.

Kiangazi kilipoanza, kaka yake Feza, Bahati, alikuja kutoka Ntoto na nyama ya moshi imefungwa kwenye majani. Alikaa kwenye ncha ya kitanda changu. Aliitazama plasta, kisha akaangalia vile vidole vilivyochungulia nje, vimevimba, rangi yake kama ya viazi vya zamani.

"Shemeki," alisema, "mzee amenituma. Anasema, Feza amechoka. Anasema, ile plasta ikitoka, kama mukono uko mzima, weye mwenyewe ukuye umutwae muke wako, tutakupikia. Kama mukono umekufa, umuache. Muntu wa mukono moja hatajenga nyumba, hatakata shamba, hatamupa mukwe wake kitu kwa heshima."

"Na Feza anasema nini?"

"Feza hajaulizwa."

Feza alikuwa mlangoni, ameshika sufuria kwa kitambaa. Alisema, "Nyama itapoa," akaenda. Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kinangoja ndani ya ile plasta. Daktari alikuwa anangoja mfupa. Mimi nilikuwa nangoja mke.

Muuguzi wa wodi yetu, mtu mmoja mpole wa kabila la Wahavu, alinigongagonga vidole kwa kalamu kila asubuhi. "Hivi vinalala," alisema. "Vikizoea kulala havitaamuka hata plasta ikitoka. Utafute kazi ya kuvisumbua." Nilijaribu kuandika kwa kushoto huku vidole vya kulia vikishikilia karatasi. Herufi zilikuwa kama njia za kuku matopeni. Niliyesoma kwa mapadri nikashindwa kuandika jina langu. Nikaacha.

Kwenye baraza la wodi ya wanawake alikaa Mama Kahindo. Ugonjwa wangu yeye alikuwa nao mgongoni, kwa hiyo alivishwa plasta kiwiliwili chote, akakaa wima kama gogo lililosimikwa. Hakuweza kuinama wala kugeuka, ila mikono na mdomo wake havikupumzika. Masista walikuwa wamemletea mapulova ya zamani, akayafumua, na kwa ule uzi alikuwa anafuma vikofia vya watoto kwa sindano moja yenye ndoano, aliyotengenezewa kwa waya wa mwavuli. Krosheti, aliiita, kama masista walivyomfundisha.

"Papa Kushoto," aliniita. "Unapita pita hapa kama mbuzi anayetafuta chumvi. Kuya ukae."

"Hiyo ni kazi ya wamama."

"Na kufa njo kazi ya wapapa? Kaa."

Nilikaa ubavuni mwake, kama mtu anavyokaa na mwalimu wake. Alinitengenezea kitanzi cha kwanza, akanipa sindano nyingine katika mkono wa kushoto, uzi nikaukamata kwa vidole vya kulia vilivyotoka kwenye plasta. Nilimtazama. Yeye alizungusha uzi upande mmoja; mimi nikizungusha upande uleule unanitoroka. Yeye alitembea kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi kila nilipomfuata nilijikuta nimekwama mwanzoni, sindano inaangalia tumbo langu. Nilichotengeneza siku hiyo kilikuwa fundo lisilofunguka. Vidole vya kulia vilitetemeka baada ya muda mfupi tu, jasho likanitoka.

"Unanifuata vibaya," alisema Mama Kahindo baada ya siku kadhaa za mafundo.

"Nafanya vile unavyofanya."

"Njo kosa lako. Weye mukono wako uko upande ule. Usifanye vile nafanya." Alifikiri. Kugeuka hakuweza. "Hamisha kiti. Kaa mbele yangu. Uniangalie kama vile unajiangalia mu maji."

Nikahamisha kiti, nikakaa uso kwa uso naye. Na hapo, msomaji, mambo yakafunguka. Mkono wake wa kulia ulikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Sindano yake ilipokwenda huku, yangu ilikwenda hukohuko. Kitanzi kikapita ndani ya kitanzi, kingine kikafuata, na kabla ya mlo wa mchana nilikuwa na mnyororo unaoning'inia hadi magotini, kitanzi kimoja kimekaza, kingine kimelegea kama mdomo wa mzee, lakini ulikuwa mnyororo. Kama wewe pia unajifunza kwa kushoto, ukae mbele ya anayekufundisha, usikae ubavuni. Hakuna mtu aliyeniambia hilo mapema, na nilipoteza siku nyingi.

Ila kuna jambo ambalo mimi, mtu wa pale pale, nilijifanya sijui. Kwetu mwanamume hakai hivyo na mke wa mtu. Anakaa pembeni yake, au nyuma, au wote wawili wanaangalia njia. Magoti kuelekeana na magoti, macho ndani ya macho, kila siku, mbele ya watu, hiyo ni habari. Mama Kahindo mwenyewe alicheka. "Bantu banasema unanitongoza. Unatongoza muntu wa plasta, na weye uko plasta. Tutagongana kama masufuria." Mimi pia nilicheka. Vibandani hawakucheka.

Siku moja Feza alikuja na kisahani changu. Alitukuta hivyo. Aliweka kisahani chini, akasimama akitazama uzi unavyotoka kwenye mapaja ya yule mama kuja kwenye mapaja yangu, kwa sababu tulikuwa tunatumia bonge moja.

"Kwa nini si mie?" aliuliza.

"Wewe hujui kufuma," nilimjibu, na nilimjibu kweli kabisa, kama mjinga.

Mama Kahindo aliweka sindano yake magotini. "Papa Kushoto, nyamaza. Mama Feza, leta kigoda, kaa hapa ubavuni mwangu. Weye mukono wako na wangu iko sawa."

Feza alikaa ubavuni mwa Mama Kahindo. Yale yaliyonichukua kiangazi kizima, aliyapata kabla mvua hazijakolea. Mshono mfupi, ambao unaingiza sindano, unavuta kitanzi, kisha unavipitisha viwili kwa pamoja. Mshono mrefu, ambao unazungusha uzi kwanza. Kisha siku moja, bila kuambiwa na mtu, alichukua kigoda chake, akakileta kwetu kwenye baraza la wanaume, akakiweka mbele yangu, akakaa. Yule mzee wa mguu alianza kusema neno, akalimeza.

Feza hakuwa mwalimu mpole. Hakunisifu. Kitambaa changu kilikuwa kinapungua kila mstari mpaka kikawa kama sikio la mbuzi, na mimi sikuelewa kwa nini. Alikichukua, akakikagua.

"Unaacha ule wa mwisho," alisema.

"Wa mwisho upi?"

"Kila ukifika pembeni, mushono wa mwisho unauacha, unageuka. Unakuwa na haraka ya kurudi upande mwingine." Akakifumua chote mbele ya macho yangu, kazi ya siku nzima, akanirudishia uzi uliojikunja. "Anza."

Nilipokea kwa mkono wa kushoto. Yeye alikuwa amenipa kwa kulia, na nilipomrudishia kitambaa nilimrudishia kwa kushoto, na alikipokea bila kukunja uso. Alikuwa mtu wa kwanza tangu nifungwe. Ndipo nilipomtazama, maana ukikaa mbele ya mtu huna pengine pa kutazama. Shingo yake ilikuwa imekonda. Nywele za mbele zilikuwa na majivu ambayo si ya jikoni. Nilifikiri, huyu mtu amezeeka wapi? Niliorodhesha kichwani vijiji tulivyokaa, na kwa kila kimoja nilikumbuka mto, daraja, bei ya chumvi, jina la chifu. Uso wake sikuukumbuka hata kwa kimoja.

Mvua kubwa zilikuja. Ziwa likawa rangi ya jivu, na kuta za wodi zikatoa ukungu. Mama Kahindo alipata homa. Kwa siku chache alifuma amelala, sindano ikiinuka na kushuka juu ya plasta yake kama kitu kinachojiendea chenyewe. Kisha asubuhi moja nilipita pale nikaona godoro lake limetandazwa juani, jua ambalo halikuwapo. Hakuna aliyetangaza kitu. Mwanamke wa kitanda jirani alinionyesha kwa kidevu upande wa nyumba ya maiti, akaendelea kumenya ndizi. Feza alilia vibandani kwa sauti, peke yake, na wale waliokuwa wanampa mgongo wakaja wakakaa naye. Hilo lilikuwa jema moja katika msimu ule, na lilitugharimu Mama Kahindo.

Baada ya mazishi Bahati alirudi. Mama yao alikuwa hawezi, alisema, na Feza anatakiwa nyumbani. Lilikuwa la kweli, lakini si hilo tu, na sote tulijua. Feza alikunja mkeka wake. Alinijia barazani, akakaa mbele yangu kwa mara ya mwisho, akashika mstari niliokuwa nao, akahesabu kwa midomo.

"Hujaacha wa mwisho," alisema.

"Nitakuja," nilisema.

"Plasta ikitoka, tutaona."

Alilisema neno la daktari, na sidhani alijua. Walipanda lori la mbao pale njiani. Nilibaki nikijipikia kwa mkono mmoja, nikimenya viazi nimevibana kwa magoti.

Plasta ilitoka mwanzoni mwa jua. Waliikata kwa mkasi mkubwa unaolia kama meno. Ndani mlikuwa na mkono wa mtu mwingine: mwembamba, mweupe wa magamba, wenye nywele ndefu, unanuka. Niliona haya kuutazama. Daktari alibonyeza hapa na pale. Mfupa umepona, alisema, na mkono hautakatwa. Kisha akasema lile ambalo hakuwa amelisema mwanzo: kiwiko kimeshikana. Hakitakunjuka tena, wala hakitakunjwa zaidi. Kitakaa vilevile, kama mtu aliyebeba kikapu, mpaka siku ya kufa. Alinishika vidole, akavikunja na kuvikunjua. Vilikuwa vinacheza vyote. Alishangaa, akamwita yule muuguzi aje aone. Muuguzi alinitazama akatabasamu, akasema, "Ni uzi."

Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa mzima au ulikuwa umekufa? Nililala na swali hilo siku nyingi. Vidole viliweza kufunga kifungo, kushika sindano, kuvuta uzi. Lakini nikinyoosha mkono kumpa mtu kitu, unaishia mbele ya kifua changu mwenyewe. Mzee Bulambo alikuwa amesema mzima ama umekufa. Hakusema kuna wa katikati.

Nilifuma kofia kabla ya kuondoka, ya mtu mzima, ya uzi wa kahawia na mweusi. Unaanza na pete ndogo, unaongeza mishono mpaka iwe pana kama kiganja, kisha unaacha kuongeza, na ukuta unajishukia wenyewe. Niliifumua mara nyingi. Sikuwa na kipimo cha kichwa cha mkwe wangu, kwa hiyo nilitumia changu.

Nilipanda lori hadi Masisi, lingine kuelekea Walikale, na kutoka pale nikaenda kwa miguu. Nilikuwa nimeota safari hiyo tangu nifungwe, lakini sikuifurahia. Miguu ilikuwa imelainika. Kila mto niliouvuka niliufahamu, na kila mmoja ulinikumbusha kwamba wakati ule nilikuwa nikibeba mzigo kwa mikono miwili. Msitu ulinuka vilevile, majani yaliyooza na uyoga, na masikio yangu yaliyoharibiwa na sindano hayakuweza kutenganisha wadudu wa nje na wa ndani.

Ntoto walinipokea kwa adabu na ubaridi. Mzee Bulambo alikuwa amekaa kwenye barza, banda la mikutano la wanaume, watu wa ukoo wakiwa pande zote, na mimi nikawekewa kiti mbali naye, upande wa pili wa moto, kwa sababu mkwe hamkaribii baba wa mkewe. Feza alikuwa nje na wanawake. Niliona kitambaa chake cha kichwa juu ya ukuta mfupi.

"Umekuya," alisema mzee.

"Nimekuja, Baba."

"Mukono?"

"Umepona, Baba."

"Basi nipe kile umeniletea. Wakwe wangu wote wananipa kwa mukono wao juu ya moto, na mie ninapokea."

Niliitoa kofia mfukoni. Naomba uone nilivyokuwa. Kumpa kwa kushoto, kwa ule mkono unaofika, ni kumtukana mbele ya ukoo wake, na kwa wengine pale ni kama kumtakia kifo. Kumpa kwa kulia ilibidi nivuke moto, nimsogelee mpaka magoti yangu yaguse yake, na mkwe anayefanya hivyo amevunja kitu kibaya zaidi. Nilisimama nimeshika kofia kwa vidole vya kulia mbele ya kifua changu, na haikwenda popote. Moto ulikuwa unalia kati yetu.

Bahati alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Shemeki, unatushikia tu?"

"Mukono umekufa," alisema mmoja wa wajomba, kwa sauti ya chini. Ilisikika.

Niliihamisha kofia kwenda mkono wa kushoto. Sijui nilitaka kufanya nini, labda kuirudisha mfukoni na kuondoka. Feza aliingia. Wanawake hawaingii kwenye barza ile watu wakiwa na maneno, na hata baba yake aliinua kichwa. Hakupita pembeni. Alikuja akasimama mbele yangu, uso kwa uso, kama kwenye lile baraza la hospitali, akanyoosha mkono wake wa kulia kwenye mkono wangu wa kushoto. Nikampa. Alipokea mbele ya wote, akageuka, akazunguka moto, akapiga magoti, akampa baba yake kofia kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko chake.

"Mume wangu anakupa," alisema.

Mzee Bulambo aliishika kofia muda mrefu bila kuivaa. Aliingiza kidole ndani, akavuta mishono, kama mtu anayepima kamba ya mtego.

"Nani amefuma?"

"Yeye."

"Mwanamume?"

"Nilimufundisha mie."

Mzee alijivika. Ilikuwa kubwa, ikashuka hadi kwenye nyusi, akaisukuma nyuma kwa kiganja. "Kichwa chake ni kikubwa kuliko changu," alisema. "Njo maana hakisikii." Hapo watu walicheka, na mtu akatupa kuni motoni.

Waliniletea chakula. Feza aliniwekea sahani, akakaa upande mwingine wa sahani ileile. Tulipomaliza alisema bila kunitazama, "Nitakuya. Lakini mahali pamoja. Sitazika muntu mwingine njiani."

Nilisema ndiyo. Ni neno fupi, na ndilo gumu kuliko yote niliyowahi kusema, kuliko kuingia kwenye plasta. Tulikaa Sake, penye njia panda, kwa sababu nilidhani kuona njia kutanisaidia. Hakunisaidii. Malori yanakwenda Masisi, yanakwenda Goma, yanakwenda Minova, na madereva wanaonifahamu wanapiga honi wakiniita. Mvua zikianza kiwiko kinauma. Nafuma vikofia na mashali, Feza anauza sokoni, na wateja wakiuliza fundi ni nani, ananionyesha kwa kidevu, nao wanadhani anatania. Kuna siku ninasimama kando ya njia mpaka vumbi la lori litulie, na miguu inawasha kama zamani, na sijui mtu mwenye tabia yangu anaweza kuishi hivi mpaka lini.

Wewe uliyeniuliza kwenye benchi: maumivu hayaishi, yanapungua. Vidole vyako uvisumbue kila siku, hata kama vinakuliza. Na jioni, nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba, Feza huleta kigoda chake, akakaa mbele yangu, akachukua kazi yangu mkononi mwangu wa kushoto, akaikagua pale pembeni, penye mshono wa mwisho.